Mluzi wa Bwana Kwani

Nikianza na ndege mtanisamehe, maana bila yeye hakuna la kusimulia. Ni ndege wa kawaida tu, shore, kichwa cheusi kama amevaa kofia ya soksi, mwili rangi ya vumbi, na manjano kidogo chini ya mkia kama aliyekalia mchuzi. Kakuma yuko, Lodwar yuko, na kwetu Busia yuko. Hana uzuri wa kutazamwa. Lakini mdomo anao. Jua halijachomoza yeye ameshaanza: tok-wi-ku, tok-wi-ku-wiro. Jioni anagombania tawi la kulala na wenzake kama wanawake kwenye bomba la maji. Akiona nyoka au paka sauti inageuka, inakuwa ya kukwaruza, che-che-che, mpaka mtaa mzima ujue kuna ubaya.

Kwetu, mama akimsikia juu ya paa asubuhi alikuwa anaongeza maji kwenye sufuria. Mgeni yuaja, alisema, huyo ndiye tarishi wake. Kwa hiyo nilipofungua hoteli Kakuma, mwaka wa tisini na tatu, na shore wawili wakaja kukaa kwenye mti wa mathenge, ule wa miiba, nyuma ya jiko, mimi nilijua nimebarikiwa. Nikawa nawatupia makombo ya mandazi. Watu walicheka, lakini benchi zangu nane hazikuwahi kukaa tupu. Madereva walikuja, mafundi cherehani kutoka kambini walikuja, makarani, walimu, Waturkana waliouza mbuzi na kuni. Habari za Kakuma zilipita kwangu kwanza ndipo zikaenda ofisini. Nani ameoa, nani amekimbia, kadi ya chakula ya nani ina watu watano ilhali nyumbani wako wawili. Sikuwa na nia mbaya. Nyumba ikijaa watu wanaocheka, mimi hapo ndipo nahisi niko hai.

Na neno langu lilikuwa kwani. Mtu hajakaa vizuri, nimeshamwuliza: kwani leo umetoka wapi, kwani mke amekunyima chai, kwani wewe huoni mguu wako umekanyaga mchuzi? Mwanangu Levis akawa ananiiga. Wateja nao wakashika, hata wale waliojua Kiswahili cha kuombea chumvi tu, lile kwani likawa ndimini mwao.

Aluel alikuja kwangu mwanzoni mwa tisini na tano. Mama Mdinka, mrefu, mwenye uso uliotulia kama maji ya mtungi, na kinu chake kichwani. Hakujua Kiswahili. Alionyesha kinu, akanionyesha mimi, nikaelewa. Nikampa kivuli nyuma ya jiko, chini ya ile mathenge, awe ananitwangia karanga za mchuzi na mtama wa uji. Alikuwa anatwanga vizuri sana, bila haraka, na kila alipomaliza aligonga ukingo wa kinu kwa mchi mara mbili. Ko, ko. Halafu alisimama kimya kidogo, ameinua shingo, kama mtu aliyebisha hodi akangoja.

Wateja walimtania. Kipkemboi, dereva wa lori la unga, alizoea kumjibu kutoka ndani, "Karibu mama, mlango haujafungwa." Nyumba inacheka. Aluel naye anacheka, maana kwa watu wake mtu hawaachii wenzake kicheko peke yao, ni adabu mbaya.

Jambo lingine nililiona, nikaliacha lipite. Kila niliposema lile neno langu, alikuwa anainamisha macho. Sio kidogo. Kama msichana aliyeona baba mkwe anapita. Nilidhani sauti yangu ni kali kwake. Nikajaribu kupunguza sauti, lakini neno sikulipunguza.

Alichokuwa anakitafuta Kakuma nzima ilikijua: mume wake. Mwaka wa tisini na moja vita vilipoingia kwao, mume alikuwa mbali, malishoni na ng'ombe. Aluel akakimbia na ndugu zake upande wa mashariki, wakatembea miezi, wakafika mpaka wa Kenya. Mtoto wao mmoja alibaki njiani, chini ya udongo. Mume hakuonekana tena. Wapo waliosema amekufa, wapo waliosema amevuka Uganda. Aluel hakubishana nao. Kila Ijumaa aliosha miguu, akavaa gauni lake la bluu, akaenda kwenye ubao wa matangazo ambako mwalimu Bior alikuwa anasoma majina ya watu wanaotafutwa na watu waliopatikana.

Bior alikuwa mtu wa kwao, kijana mpole, alisomea Ethiopia. Yeye ndiye aliyemwandikisha Aluel ile fomu ya kutafuta jamaa. Karani akauliza jina la mume. Sasa, mke wa kwao aliyelelewa vizuri jina la mume halitaji. Kwa hiyo Aluel alitoa jina la fahali wa mume. Wanaume wa kwao kila mmoja ana fahali wake wa kujivunia, na rika lake humwita kwa rangi ya fahali yule. Huyu wake alikuwa mweusi, kichwa cheupe kama tai yule wa ziwani anayekula samaki, kwa hiyo aliitwa Makuei. Bior akatafsiri Makuei, karani akaandika Makuei, muhuri ukagongwa. Ijumaa kwa Ijumaa, mwaka mzima na zaidi, Aluel alisimama pale juani akingoja kusikia Makuei.

Baada ya ubao alirudi kwangu, akavua gauni la bluu, akatwanga. Ko, ko.

Mwezi wa pili wa tisini na sita nilikwenda Lodwar kununua sukari na majani ya chai. Lodwar ninakolala ni kwa Awino, rafiki yangu wa zamani, mpishi katika kituo cha wamisheni cha wagonjwa wa kifua kikuu, kule karibu na mto Turkwel. Wagonjwa wanakaa humo miezi, kwenye vibanda vya makuti ya mikoma, wanakunywa dawa mpaka wapone au ishindikane. Mimi na Awino tukikutana hakuna siri inayobaki na nguo. Tulikaa tunachambua maharagwe, akaniambia, "Sellah, ngoja nikuonyeshe Bwana Kwani."

Akanipa kisa. Waturkana walimleta mtu juu ya punda kutoka Namoruputh, upande wa mpaka wa Uganda. Msudani, mrefu, amebaki mifupa na kikohozi. Hakuna aliyejua lugha yake, naye Kiswahili hajui. Mhudumu wa pale mlangoni akamwuliza jina. Akajibu, "Kwani." Mhudumu akauliza tena, jina lako nani? "Kwani." Mara ya tatu mhudumu akapandisha: kwani nini, mzee, wewe mgonjwa au umekuja kugombana? Yule mtu akatazama huku na huku, akaona hasira, hakuelewa kosa lake. Mwishowe akagusa msalaba wa shanga shingoni, akasema Zakaria. Wakaandika Zakaria. Lakini jikoni na vibandani jina likabaki Bwana Kwani, mgonjwa asiyeulizwa.

Nilicheka mpaka maharagwe yakamwagika.

"Na neno lingine analolijua ni Kakuma," Awino akasema. "Asubuhi Kakuma, jioni Kakuma. Tunamwambia ngoja upone."

Nikamwambia kila mtu anataka Kakuma, kuna mgao wa chakula. Hivyo ndivyo nilivyosema. Nakumbuka hata namna nilivyokuwa nimekaa.

Halafu tukamsikia. Alikuwa ameegemea ukuta, blanketi magotini, kwenye kivuli cha mti wa mswaki. Shore alikuwa kileleni anaimba. Yule mtu akakaza midomo, akamjibu: tok-wi-ku, tok-wi-ku, sawasawa na ndege, lakini mwisho akauvuta, akaongeza mkia mrefu unaopanda juu, kama swali. Ndege akanyamaza. Mtu naye akanyamaza, ameinua shingo, anasikiliza. Si mtini. Alikuwa anasikiliza upande wa jikoni, ambako masufuria yanagongana. Kikohozi kikamchukua. Alipopumua akaanza tena.

Awino alisema ndivyo anavyoshinda kutwa. Anaongea na ndege, watu wamemshinda.

Nilirudi Kakuma na sukari yangu na kisa changu, na sijui kipi kilinipa faida zaidi. Jioni ile ile nyumba ilijaa. Nikawapa Bwana Kwani mzima mzima: punda, mhudumu mwenye hasira, "jina lako nani," "kwani." Nilijua kusimulia, Mungu anisamehe. Nilifanya sauti ya mhudumu, nilifanya macho ya mgonjwa. Watu wakagonga meza. Wiki iliyofuata wakaniomba tena, na walioisikia wakaleta wasioisikia. Kipkemboi alikuwa akipita Lodwar kila juma, anamwona Awino, ananiletea nyongeza: Bwana Kwani leo amekataa uji, Bwana Kwani ameanza kupiga mluzi kitandani, Bwana Kwani mluzi wake umefupika. Nyongeza zote nilizipika, nikazipakua.

Na Aluel alikuwa nyuma ya jiko, hatua kumi kutoka meza ya mwisho. Alisikia kila niliposimulia. Kiswahili changu kilikimbia kuliko masikio yake, alishika neno hapa neno pale. Neno kwani alilishika, na kila mara liliinamisha macho yake. Nyumba ilipocheka, alicheka.

Kitu kimoja tu sikukifanya. Mluzi sikuupiga. Nilisema tu, "anapiga mluzi kama shore," basi. Mama yangu alinichapa nikiwa mdogo kwa sababu ya mluzi. Mwanamke hapigi mluzi, alisema, anaita nyoka. Na akipigia ndani ya nyumba anafukuza wageni. Mimi mwenye hoteli nifukuze wageni? Kwa hiyo wiki sita nilisimulia ndege bila ndege.

Nahesabu hizo wiki sita mpaka leo.

Jumamosi moja, mwezi wa nne, ilikuwa mchana, joto la kuchemsha mawe. Nyumba imejaa, wengine wamesimama. Kipkemboi alikuwa pale, amelewa soda tu, na mdomo wake. Nikasimulia. Nilipofika kwenye mluzi nikapita kama kawaida, akanikatiza.

"Mama Levis, wewe ni muongo. Huyo mtu hakuna. Kama yuko, alipigaje huo mluzi?"

Nikamwambia mwanamke hapigi mluzi. Akawageukia wenzake akasema mnaona, mchuzi bila chumvi, wiki sita anatulisha. Wakaanza kunizomea kwa mchezo, mezani wanapiga, mluzi, mluzi, mluzi. Nami sifa ilinipanda kichwani. Nikafuta midomo kwa leso, nikapiga.

Nilikuwa nimeukariri vizuri. Tok-wi-ku, tok-wi-ku, na ule mkia mrefu unaopanda.

Kule nyuma mchi ukasimama. Halafu: ko, ko.

Kipkemboi alifungua mdomo kusema karibu mama, lakini hakusema. Aluel alikuwa mlangoni tayari, mikono myeupe kwa unga, na hakututazama sisi. Alitupita wote kwa macho, akatazama mlango wa barabarani. Alitazama kwa muda mrefu. Halafu akatazama uso mmoja mmoja, benchi kwa benchi, anatafuta mdomo uliopiga. Watu wakaacha kutafuna. Mtu mmoja akanionyesha kwa kidole.

Alikuja mbele yangu, akanishika kidevu kwa vidole vyake vya unga, kama unavyomshika mtoto aliyemeza kitu. "Mama Levis," akasema. "Hii wapi? Hii nani nakupa?"

Nikamtuma mtu akamwite Bior.

Bior alikaa kati yetu, na mimi nikarudia kisa chote, safari hii polepole, bila sauti za kuigiza. Bila kuigiza hakikuwa kisa cha kuchekesha hata kidogo. Alipotafsiri mluzi, Aluel alieleza akiangalia upande wa kinu. Mume wa kwao hamwiti mke kwa jina nje ya uzio, watu wakasikia. Wake alikuwa akirudi kutoka kwa ng'ombe, anasimama mbali, anapiga sauti ya yule ndege na kuongeza mkia, isidhaniwe ni ndege tu, wala yeye asifananishwe na mwingine. Mke naye hawezi kujibu kwa mluzi, wala kumwita. Kwa hiyo aligonga kinu mara mbili. Maana yake nimesikia, chakula kipo.

Niliporudi kwa mhudumu na lile swali la jina, nikasema, naye akajibu kwani. Bior hakutafsiri. Halafu akaniuliza, "Alisema nini, mama? Sema tena."

"Kwani."

Aluel akainamisha macho.

Bior akaongea naye kidogo, kwa sauti ya chini, akamwuliza kitu. Jina hakulitaja, aliitikia kwa kichwa mara moja. Bior akanigeukia, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Mama, huyo mtu hakuwa anagombana na mtu," akasema. "Alikuwa anataja jina lake. Kuany. Ni jina, kwetu. Kuany." Alilitamka na ule mwisho wake laini wa puani, ambao sisi hatuna masikio nao. Halafu akaongeza, kama anajisemea, kwamba jina la Zakaria wa Lodwar alilisoma yeye mwenyewe ubaoni, Ijumaa mbili, na Aluel amesimama mbele yake na gauni lake la bluu. Jina la ubatizo. Mke hakujua kwamba mume alibatizwa huko alikokimbilia.

Hakuna aliyecheka. Watu wakaanza kujitoa kwenye benchi mmoja mmoja, wakaacha chai ndani ya vikombe. Mama alisema kweli kuhusu mluzi na wageni.

Tungeondoka saa ile ile. Lakini mkimbizi haondoki kambini bila kibali, na kizuizi cha polisi njiani hakijui mambo ya mume. Jumapili ofisi imefungwa. Jumatatu tulikaa foleni toka asubuhi, mwenye muhuri alikuwa mkutanoni. Jumanne mchana muhuri ukagongwa, lakini lori haliendi peke yake, kwa sababu ya majambazi, lazima msafara na askari, na msafara ulikuwa Jumatano. Siku zote hizo Aluel hakutwanga. Alikuja, akakaa kando ya kinu, amevaa gauni la bluu. Shore waliimba juu yake na hakuinua kichwa. Mimi nilikuwa nazunguka naongea, ndiyo dawa yangu, nilimwambia mwezi wa dawa mtu anaanza kunenepa, nilimwambia wamisheni wana maziwa. Kila nilipofungua mdomo lile neno lilitoka lenyewe. Kwani una wasiwasi gani? Nikajiuma ulimi. Kwani. Linatoka tu, kama pumzi.

Jumatano Kipkemboi alitukalisha mbele, akamfukuza taniboi, msaidizi wake, akapande juu ya mzigo. Hakufanya mzaha hata mmoja toka Kakuma mpaka Lodwar.

Awino alitupokea langoni. Nilipoona ametoka na leso mabegani, bila mwiko mkononi, nilijua. Aluel hakujua uso wa Awino, lakini naye alijua, maana alisimama pale pale, hatua moja ndani ya lango.

Mume alikuwa ameondoka Jumatatu alfajiri, saa ile shore wanapoanza. Siku ile tulipokuwa kwenye foleni. Awino alisimulia, na mimi nikawa natafsiri kwa maneno na mikono, vipande vipande, Bior hayupo. Wiki ya mwisho mluzi ulikuwa umekwisha pumzi. Alipiga tok tu, ndege wa kwenye mswaki wakamalizia. Alipoondoka hakuwa na kitu ila blanketi ya kituo, ule msalaba wa shanga, na kipande cha fimbo ya kuchungia.

Aluel aliuliza kitu kimoja. Alionyesha masikio yake, akaonyesha upande wa kaskazini, barabara ya Kakuma. "Yeye najua? Yeye najua mimi hapo?"

Awino akanitazama mimi. Ningeweza kudanganya, na mimi uongo mzuri najua kuuoka kama mandazi. Ningesema ndiyo, alijua, alikuwa njiani kukujia. Lakini mdomo ule ule ulikuwa umesema kila mtu anataka Kakuma, kuna mgao. Nikashindwa. Nikatikisa kichwa, na sijui hata yeye alielewa nimekana au nimekubali.

Kaburi lilikuwa nyuma ya vibanda, kwenye mchanga, mawe juu yake ili fisi wasichimbue. Kichwani walikuwa wamechomeka mti, na kwenye mti kipande cha debe la mafuta ya msaada, kilichotobolewa herufi kwa msumari: ZAKARIA. Basi. Hakuna jina la baba, hakuna mahali. Ekwam, mlinzi wa kituo, ndiye aliyekuwa anatoboa vile vibati, mzee Mturkana wa maneno machache. Akatusalimia ejok, akakaa pembeni na nyundo yake.

Aluel alitazama kile kibati muda mrefu. Kusoma hakujua, lakini aliuliza kilichoandikwa, nikamwambia. Akatikisa kichwa. Akamwendea Ekwam, akapiga magoti kwenye mchanga mbele yake, na akasema, kwa sauti kamili, jina ambalo nadhani hakuwahi kulitoa mdomoni toka aolewe.

"Kuany."

Ekwam akamtazama kwa huruma. Alikuwa mtu mwema. "Kwani nini, mama?" akamwuliza polepole. "Nani amekukosea?"

Aluel akarudia. Kuany. Na machozi ambayo hakuyatoa langoni yakaanza kumtoka hapo, mbele ya mtu asiyemwelewa. Nikaingilia, nikamwambia Ekwam ni jina, baba, jina la marehemu, andika. Akaondoa kibati, akakiweka juu ya jiwe, akaanza kutoboa chini ya Zakaria. Nyundo iligonga msumari, ko, ko, ko, na kila ilipogonga mabega ya Aluel yaliruka.

Mimi shule niliishia darasa la tano, lakini kusoma najua. Nilimwona Ekwam anavyotoboa. K, halafu W, halafu A. Ningeweza kumzuia kwenye W. Nilikuwa nafikiria herufi sahihi ni zipi, nikagundua nami sijui, sikuwahi kuliona likiandikwa, nilikuwa nimelitumia tu. Akamaliza. Akafuta kwa kiganja, akakifunga kwenye mti.

ZAKARIA KWANI.

"Naandika?" Aluel akaniuliza. "Yeye naandika?"

"Ameandika," nikamwambia.

Akagusa yale matundu kwa kidole, moja moja, mpaka mwisho. Juu ya mswaki shore akaanza kelele zile za kukwaruza, che-che-che, Ekwam akasimama na nyundo kutafuta nyoka kwenye mawe. Hakuona kitu.

Tulirudi na msafara wa Ijumaa. Jumatatu iliyofuata Aluel alikuja kazini kama kawaida. Nilimwambia apumzike, akachukua sinia ya karanga mkononi mwangu, akaenda chini ya mathenge. Alitwanga vizuri, bila haraka. Alipomaliza akakung'uta kinu, akakigeuza, akakaa juu yake. Hakugonga. Nilikuwa jikoni nimesimama na mwiko, nangoja ile ko, ko, mpaka maziwa yakamwagika motoni.

Wateja walirudi. Wanarudi, watu wanakula. Makombo sikuwatupia shore tena, lakini hawakuhama. Asubuhi walitangaza wageni na wageni wakaja. Niliwapakulia kimya. Nilikuwa najifunza kuuliza mambo bila lile neno, naanza sentensi naiacha katikati, watu wakadhani nina meno mabovu.

Jioni moja, kabla taa hazijawashwa, fundi cherehani mmoja mgeni, aliyeletwa na sifa za nyumba yangu, alimaliza chai yake akajinyoosha. Alikuwa na sauti kubwa, mtu wa furaha kama mimi zamani.

"Mama Levis," akasema, "nimetembea kutoka upande wa pili wa kambi. Kwani leo hakuna hadithi?"

Kule nyuma mchi ukasimama. Nyumba nzima ikasikia ulivyosimama. Halafu ukaendelea.